Mkokoteni Hauhesabiwi

Mwezi wa nne madaktari walinitoa nyonga ya kulia wakaniwekea ya chuma, na kaka yangu Taisto hakuja hospitali hata siku moja. Alinitumia salamu tu kupitia kwa mkwewe, Duane, mume wa binti yake: "Mwambie sheria ya Baba haijabadilika."

Sheria yenyewe marehemu baba yetu aliichoma kwa chuma cha moto kwenye ubao wa mwerezi, akaupigilia juu ya mlango wa kambi yetu ya kuwindia, kwa ndani, ili mtu akiamka aione kabla hajavaa soksi. ASIYEMTOA KULUNGU WAKE MSITUNI MWENYEWE, AACHE KITANDA CHAKE. Kwa maneno hayo Baba alimfukuza ndugu yake wa tumbo moja, ami yetu Kalle, mwaka ambao Kalle aliteguka kifundo cha mguu akaomba asaidiwe. Kalle hakukanyaga tena kambini mpaka anakufa. Baba naye alipokufa, alituachia kambi sisi wawili, Taisto na mimi, Sirkka, na ubao ukabaki palepale. Vitanda vimebaki viwili. Duane analala sakafuni mwaka wa tatu sasa, na macho yake hayabanduki kwenye godoro langu.

Najua mtasema: si ungekaa tu bila kupiga risasi? Kweli, asiyeua hana cha kutoa, na kitanda chake kinabaki. Lakini kukaa na bunduki mapajani wiki mbili, unamwacha dume apite kwa kuwa unaogopa kumburuta, bora ubaki mjini ufume glavu za wajukuu. Mimi nimewinda humo miaka kumi na tisa. Kila niliyempiga nimemburuta kwa kamba mpaka kwenye boriti ya kutundikia, wanaume wakinitazama ili waone nitaangukia wapi. Sikuanguka.

Sasa daktari alikuwa amenikataza kuvuta kitu kizito kwa kamba. Hakunikataza kusukuma. Basi kiangazi chote nilijifungia gerejini nikatengeneza mkokoteni: magurudumu mawili ya baiskeli ya zamani ya mwanangu, ngazi ya bati niliyoikata nusu, na bomba la maji kwa mpini. Nilipoujaribu kwa kuupakia magunia mawili ya chumvi ya barabarani, uliteleza kwa kidole kimoja. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Asubuhi ya tarehe kumi na tano Novemba, siku msimu wa kuwinda unapofunguliwa, nilikuwa nje ya mlango nikiufunga kamba, Taisto akatoka na kikombe chake cha kahawa na kipande cha mkate wa iliki mdomoni.

"Hiyo nini?"

"Mkokoteni."

"Naona ni mkokoteni, mimi si kipofu. Nauliza unakwenda nao wapi. Sokoni? Unauza viazi?"

Ndani nilimsikia Duane akicheka.

"Nakwenda kumleta kulungu wangu," nikasema.

"Kwa gari?"

"Lina injini? Nitalisukuma mwenyewe. Sheria imesema mwenyewe, haikusema kwa kamba."

"Baba alikuwa anaburuta. Mimi naburuta. Nyonga yako ya bati ikikushinda, kaa kwako. Hakuna aliyekuita hapa."

"Na magoti yako yakikushinda wewe?"

"Magoti yangu yana nini?"

"Jana umepanda ngazi tatu za sauna umekumbatia ukuta. Nilikuona, kaka."

Taisto ana miaka sitini na minane, na kwa kinywa chake hajawahi kuumwa hata kichwa. Aliimwaga kahawa iliyobaki kwenye theluji, karibu kabisa na buti zangu.

"Mkokoteni hauhesabiwi," akasema. "Duane! Anza kupima lile godoro."

Tukaachana hivyo, kila mmoja na njia yake. Msitu wetu uko nyuma ya kilima kifupi, na ukishavuka kilima unashika tuta la reli ya zamani, ile ya kampuni ya mbao ambayo mataruma yake yaling'olewa kabla sijazaliwa. Zimebaki kokoto tu chini ya theluji. Tuta linakata kinamasi chote cha mierezi, na penye kijito daraja limebaki mbao mbili tatu, kwa hiyo hakuna gari wala pikipiki inayopita. Unaingia kwa miguu, na ukiua unajua kazi inayokungoja.

Nilikaa maili moja na nusu ndani. Saa nne hivi likatoka dume lenye pembe za matawi manane, linatembea polepole pua chini, likinusa jike. Nilipiga mara moja. Lilikimbia hatua thelathini likalala. Nikalipasua tumbo, nikatoa matumbo, nikaosha mikono kwa theluji, halafu nikalilaza juu ya mkokoteni kichwa mbele nikalifunga sehemu tatu. Pembe nikazivisha fulana yangu ya pili ya rangi ya chungwa. Kulungu anayetembea tuta la reli bila kitambaa hicho anaweza kupigwa risasi mara ya pili na mjinga wa mbali, na safari hii kuna mtu nyuma yake.

Nikaanza kusukuma. Kokoto zilikuwa zinalalamika chini ya matairi, lakini nyonga ilikuwa kimya, na nilijisikia msichana. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Taisto, maneno matamu matamu ya kuchoma, nilipoona kitu chekundu mbele, pale bwawa la kijito linapogusa tuta.

Ilikuwa kofia yake. Taisto alikuwa amekalia dume lake kubwa kuliko langu, mikono imening'inia, mvuke unamtoka shingoni. Nyuma yake alama ya kuburuta ilikuwa fupi, hatua mia tu, na kila baada ya hatua kumi palikuwa na shimo kwenye theluji, mahali mtu alipokaa chini. Yale mashimo ya mwisho yalikuwa yamekaribiana sana.

"Pita," akasema bila kunitazama.

"Nipite wapi? Umekalia njia."

"Nimepumzika."

"Tangu saa ngapi?"

"Sikukuuliza saa, Sirkka."

"Nikakuitie Duane?"

Hapo akainua kichwa. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Duane akija na kamba yake, kitanda kinachopimwa kitakuwa chake, kile cha karibu na jiko.

"Pita," akarudia, na sauti yake ilikwaruza.

Akajisogeza, akavuta mguu mmoja kwa mikono yake miwili, akanipa nafasi ya gurudumu. Nikapita. Sitadanganya, nilisikia raha. Miaka kumi na tisa huyu mtu amenihesabia hatua, amenihesabia bia, ameniambia mbele ya watu kwamba mwanamke kambini analeta harufu ya sabuni inayofukuza kulungu. Nilipita nikipiga mluzi.

Mluzi ulikatika pale tuta linapoishia na kilima kinapoanza.

Hapo mahali napajua kuliko Taisto. Nikiwa na miaka tisa, Baba aliangukiwa na jiwe la mgodini, mgongo ukawa mbovu. Alikuwa ameshamfukuza Kalle tayari, na ubao uko mlangoni, na wanaume wa kambi wanautazama kila asubuhi. Basi Mama alifungua kigari cha mtoto kilichotubeba sote, akatoa beseni lake, akabakisha fremu na magurudumu manne. Siku ambayo Baba amepanga kuwinda, Mama na mimi tulikuwa tunaingia msituni kwa upande wa shamba letu, tunamsubiri kwenye tuta. Akiua, Mama anavuta, mimi nasukuma, Baba anatembea nyuma ameshika kiuno. Tukifika kileleni, pale juu, kabla kambi haijaonekana, Mama anamshusha kulungu kwenye theluji, anampa Baba kamba. Kutoka hapo ni mteremko, hata mgonjwa anaburuta. Baba anateremka, tunasikia wanaume wakimpigia kelele za pongezi. Mama anageuza kigari, tunarudi nyumbani kupika. Alinifundisha neno moja tu la kusema nikiulizwa tulikuwa wapi: kuni.

Taisto wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita, yuko chini na wale wapiga kelele.

Nikasimama kileleni na kulungu wangu. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama juu ya mierezi. Nikajitukana kwa sauti, kisha nikamfungua dume langu, nikamlaza kando chini ya msonobari, nikageuza mkokoteni mtupu.

Taisto alikuwa palepale.

"Umesahau kitu?" akasema.

"Inuka."

"Sitaki huruma yako."

"Huruma nimeiacha nyumbani. Nataka neno lako. Nikimfikisha huyu kileleni, utateremka naye kwa kamba, Duane hajui kitu. Na mimi nitakuja na mkokoteni wangu mchana kweupe, nao utahesabiwa."

Akatafuna midomo. Kama angekuwa na pumzi angenitukana, lakini pumzi zenyewe zilikuwa za kuhesabu.

"Utahesabiwa," akanong'ona.

"Sijasikia."

"Utahesabiwa, mwanamke we! Unataka nikuandikie?"

Tukampakia sote wawili. Yeye aliinua upande wa kichwa, nikaona magoti yake yanavyotetemeka ndani ya suruali ya sufu. Nilitaka kumvisha dume lake fulana ya rangi ya chungwa, akasema si mtoto mchanga, nikamvisha hivyohivyo. Njia nzima nilisukuma mimi. Yeye alitembea nyuma ameshika kiuno, hajui anamwiga nani.

Kileleni akasema, "Nipe kamba. Na usije haraka. Subiri kidogo."

Nilimpa. Akajifunga begani, akainama, akateremka na dume lake anaguna kwa nguvu, tena kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. Chini nikamsikia Duane: "Aisee, mzee! Mzee wewe ni chuma!"

Nilisubiri robo saa, nikampakia wangu, nikateremka.

Dume la Taisto lilikuwa limeshatundikwa kwenye boriti, na yeye amekaa juu ya gogo na bia mkononi, mashavu yamerudi rangi. Duane alikuwa amesimama na kisu cha kuchunia. Huyu kijana ni muuza nyama mjini, na kila Novemba anachuna kulungu wa watu mpaka viganja vinapasuka. Aliutazama mkokoteni, akatazama kulungu wangu, akamtazama mkwewe.

"Haya, baba mkwe," akasema. "Inakuwaje hii? Inahesabiwa au haihesabiwi?"

Nikamtazama Taisto. Neno lilikuwa moja tu, fupi, na alikuwa ameshalisema mara mbili. Lakini Duane alikuwa anamtazama pia, na macho ya Duane bado yalikuwa na ile sifa ya chuma ndani yake. Taisto akanywa bia.

"Sheria ni sheria," akasema. "Mkokoteni hauhesabiwi. Pole, Sirkka."

Damu ilinipanda mpaka masikioni, nikashika bomba la mkokoteni nisije nikamshika yeye.

"Pole, shangazi," Duane akasema, na nadhani alimaanisha. Halafu akageukia kazi yake. Akapitisha kiganja kwenye ubavu wa dume la Taisto, akakirudisha, akakipitisha tena. Akalizungusha upande wa pili, akafanya vilevile.

"Mzee, huyu umemburuta kutoka wapi?"

"Bwawa la kijito."

"Maili nzima, juu ya kokoto? Na manyoya yote yapo?"

"Theluji laini mwaka huu."

"Laini kitu gani? Mimi nachuna wanaoburutwa nusu ya hapo, ubavu wote unakuwa upara. Huyu ana michubuko kidogo tu, kama ya kuteremka kilima." Akavuta kitu kwenye pembe, uzi mwembamba wa rangi ya chungwa, akauangalia kidoleni. Kisha akachomeka kisu kwenye ala, akapanda kilima.

Tulibaki wawili na wanyama wawili. Taisto ni mtu anayeweza kutazama unyayo kwenye theluji akakuambia kulungu alipita saa ngapi, dume au jike, mwenye njaa au aliyeshiba. Nyayo zake mwenyewe hazikumpitia akilini. Sasa zilimpitia, nikaona uso unavyoshuka.

Duane alirudi anahema.

"Magurudumu yamepita mara nne," akasema. "Kwenda, kuja, kurudi, kuja tena. Na pale juu kuna mahali kulungu wawili walipolazwa." Akakuna kidevu. Hakuwa anatania, aliuliza kwa nia safi kabisa: "Kwa hiyo vitanda vyote viwili viko wazi?"

Taisto akanirukia mimi. "Umemwambia!"

"Nimefungua mdomo mimi?"

"Ulipanga! Ulirudi kule ili unifedheheshe!"

"Nilirudi kwa neno moja, ukanipa. Umelimeza hapa na bia yako, mbele yangu, bila haya."

"Sheria ya Baba..."

"Ngoja nikuonyeshe sheria ya Baba."

Nikaingia kwenye banda la sauna, tunakooga kwa mvuke. Kile kigari bado kinaning'inia kwenye kenchi, kati ya ndoo na nyavu, mahali Mama alipokileta akakitundika mwaka Baba alipoacha kuwinda. Nikakishusha nikakitupa miguuni pake.

"Unakijua?"

"Kigari changu cha utotoni. Kiache."

"Tazama spoki."

Hakutaka kutazama. Duane akachutama, akachokonoa kwa kucha penye kitovu cha gurudumu, palipojaa grisi nyeusi ya miaka. Akatoa unywele mgumu wa kijivu, halafu mwingine, halafu kishungi kizima.

"Manyoya ya kulungu," akasema. "Yamejaa."

Nikawaambia. Niliwaambia mgongo wa Baba, tuta la reli, kamba kileleni, na kuni. Niliwaambia Mama alikuwa akirudi na viganja vimechubuka, anatia mafuta ya ng'ombe, anapika chakula cha wanaume, na Baba anakula akisimulia alivyomburuta.

"Uongo," Taisto akasema.

"Kile kichwa cha dume wa matawi kumi juu ya jiko, unachomwonyesha kila mgeni. Baba alimpata mwaka gani?"

Akageuza macho mlangoni. Ni mwaka ambao Baba hakuweza kufunga viatu vyake. Taisto ndiye aliyekuwa akimfungia.

Nilimwona akihesabu, mwaka mmoja baada ya mwingine, na kila mwaka ukimpunguzia kitu. Karibu nimwonee huruma. Ndipo akainua kidevu chake kile, kidevu cha Baba, akasema:

"Mama alijua kunyamaza."

"Alijua," nikasema. "Miaka kumi na minane alijua. Na hata siku moja hakulala kitanda cha humu."

Taisto akaweka chupa chini. Akaingia ndani, tukasikia msumari unalia, kisha wa pili. Akatoka na ubao mkononi, akasimama nao katikati ya ua asijue aupeleke wapi, mwishowe akauweka juu ya kile kigari. Hakuniomba radhi wala hakunitazama. Alirudi ndani, akajitupa kitandani kwake, akageukia ukuta.

"Mimi sasa nalala wapi?" Duane akauliza.

"Kwanza chuna," nikamwambia. "Anza na wangu."

Nikaingia na mimi. Ilikuwa saa kumi tu, jua bado liko dirishani, lakini nilipanda kitandani kwangu na buti zangu miguuni, ili anayetaka kuona aone. Taisto alisikia springi zikilia, hakugeuka. Nililala upande wa ukutani, nikamwachia Mama nafasi.